Ngeli ya Zumbili

Barua ya shule ilisema Zumbili ni dawa ya kulevya. Zumbili mwenyewe, wakati barua inasomwa, alikuwa amelala juu ya friji, mkia ukining'inia mbele ya mlango kama kamba ya kengele, na hakuonyesha dalili yoyote ya kushtushwa na cheo chake kipya.

"Soma tena," Bibi alisema. "Hapo kwenye jina."

Fundi akasoma tena. Alikuwa fundi wa friji, mtoto wa pili wa Bibi, na baba wa msichana aliyeileta barua hiyo. Alisoma polepole, kwa sauti ya mtu anayetafuta hitilafu. "'Kwamba mwanafunzi aliyetajwa amekiri kwa mwandiko wake mwenyewe kutumia kila siku dawa ya kulevya aina ya zumbili, ambayo huhifadhiwa nyumbani na bibi yake.'"

"Na mimi nimo?"

"Umo, mama. Wewe ndiye ghala."

Bibi akaketi. Umri wake wote hakuwahi kuandikwa kwenye barua yenye mhuri, na sasa ameandikwa kwa jambo hili.

Mwenye kosa alikuwa amesimama mlangoni na sare yake, mkoba kaukumbatia. Umri wake miaka kumi na mitano. Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kukiacha kimya kikapoa, lakini siku hiyo alikuwa kama amemeza ufunguo.

"Nilitania," alisema hatimaye. "Nilipoona jina la Zumbili kwenye fomu nikajua shangazi ananitania. Nami nikamjibu."

Macho yote yakahamia kwa Shangazi, dada mkubwa wa Fundi, aliyekuwa amesimama dirishani na kikombe cha chai alichosahau kukinywa. Barua ilikuwa na kipande cha mwisho, nacho ndicho kilichompozea chai hiyo. Familia inatakiwa mbele ya kamati kesho, Alhamisi. Hadi kamati itakaporidhika, msichana asikanyage shule, na jina lake lisiingie kwenye orodha ya watahiniwa. Orodha inafungwa Ijumaa.

Kazi ya Shangazi ilikuwa kwenda shule kwa shule akiwauliza vijana mambo ambayo wazazi wao wangelipa wasiyasikie. Mtaani walimwita Daktari wa Fomu, maana hakuwahi kumpa mtu hata kidonge. Fomu yake ilikuwa na maswali kumi na mawili: sigara, pombe, bangi, gundi, vidonge vya usingizi vya mama. Swali la tisa liliuliza kama umewahi kunywa dawa ya kikohozi bila kukohoa. Bosi wake, Profesa, alitaka kulifuta, akisema huo si ulevi, huo ni ulafi wa vitamu. Shangazi alilipigania likabaki. Na swali la saba lilikuwa mtego.

Mtego wenyewe ni ufundi wa kawaida katika kazi hiyo. Unatunga jina la dawa isiyokuwepo duniani, unalipenyeza katikati ya zilizopo. Kijana akisema ameitumia, unajua anajikweza, na fomu yake unaiweka kando. Siku ya kupeleka fomu kuchapwa, Shangazi alikuwa bado hana jina. Kila alilolitunga liligeuka kuwa sabuni ya mtu au kikundi cha muziki. Ndipo Bibi akapaza sauti jikoni: "Zumbili! Shuka mezani!" Shangazi akaandika. Wahenga walisema mtego wa panya hunasa waliokuwemo na wasiokuwemo. Kuhusu paka hawakusema neno.

Shule zilichaguliwa kwa kura. Ilipotoka ya Chiriku, Shangazi alifanya linalotakiwa: hakwenda mwenyewe, alimtuma msaidizi. Saa tano msaidizi akapiga simu. Bahasha za kufungia fomu zimekwisha, darasa moja limebaki na fomu zake wazi, Makamu wa mkuu wa shule amejitolea kuzihifadhi. Afanyeje? Shangazi alikuwa kwenye foleni, mbele yake watu wawili tu, na foleni ikikaribia dirisha humfanya mtu akubali lolote. "Mwachie," alisema. "Nitazifuata kesho." Kesho hiyo ilichukua siku sita. Fomu hazikuwa na majina, hilo ni kweli, ila katika darasa zima ni mmoja tu anayeandika kwa wino wa zambarau.

"Hapa hakuna la kuumiza kichwa," Fundi alisema. "Kesho tunakwenda, unawaambia zumbili ni paka, tunarudi nyumbani."

"Nikiwaambia, mtego umekufa. Zimebaki shule thelathini na moja. Siri ikitoka ofisini mchana, jioni kila mwanafunzi wa mji huu anajua swali la saba ni geresha. Kazi ya miaka miwili hiyo."

"Weka jina jingine."

"Fomu zimeshachapwa."

Fundi akaikunja barua mara nne. "Dada, nikuulize kama unavyowauliza wao. Kati ya mtoto na fomu, weka alama kwenye kimoja. Jibu lako halitasomwa na mtu yeyote."

"Usinichezee."

"Sikuchezei. Nimenakili kwenye fomu yako."

Na hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene, Shangazi aliwaahidi watoto elfu kadhaa kwamba hakuna atakayesoma majibu yao. Kuusema ukweli mbele ya kamati ni kusema pia kwamba yeye, mwenye ahadi, ndiye aliyewaacha uchi kwa kukosa bahasha.

"Mimi niliiamini ile ahadi," Chiriku alisema, kwa sauti ndogo isiyokuwa yake. "Ndiyo maana niliandika."

Hakuna aliyemuuliza aliandika nini zaidi, kwa sababu Bibi alikuwa ameanza kukohoa. Alinyoosha mkono kwenye rafu, akaitikisa chupa yake ya dawa, akaitazama dhidi ya mwanga. "Juzi tu nimeinunua hii! Yule muuza dawa ananitilia nusu."

"Au Zumbili anakunywa," Fundi alisema. "Si tayari ana kesi?"

Chiriku aliinama kufunga kamba za viatu, ingawa hakuwa anakwenda popote.

* * *

Shuleni Fundi na Shangazi walikalishwa kwenye benchi la wachelewaji, chini ya saa iliyosimama. Karani alimtazama Fundi kuanzia fulana hadi viatu. "Friji iko chumba cha walimu, mlango wa tatu."

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto wangu."

"Aa. Basi subiri." Karani akafikiri kidogo. "Lakini mkimaliza, ukipata nafasi, inavuja."

Ofisini walikuwa watatu. Mkuu wa shule alikuwa mama mtu mzima anayeongea kidogo, miwani kaipandisha kwenye paji la uso kama jicho la akiba. Mwenyekiti wa wazazi alikuwa mwenye duka la magodoro, mnene, mwepesi wa kujua. Na Makamu, mwalimu wa Kiswahili, mwembamba kama rula, alikuwa na kalamu nyekundu mfukoni na rundo la fomu mbele yake. Juu ya rundo hilo palikaa chupa ya chai. Shangazi aliiona duara ya unyevu iliyochorwa kwenye karatasi ya juu, akahisi kama ameikuta nguo yake ya ndani imeanikwa barabarani.

"Mimi mengine sikuyasoma," Makamu alianza. "Swali la saba tu ndilo lililonishtua, maana jina lenyewe lilikuwa geni kwangu. Sikilizeni alivyoandika. 'Kila siku. Zumbili yuko kwa bibi yangu.' Nimemsahihisha: *iko*. 'Analala naye kitandani.' *Inalala*. 'Akikosa chakula analia.' *Ikikosa*, *inalia*. Mistari miwili, makosa manne. Hata ngeli zimemtoka kichwani. Hiyo tu ni dalili."

"Na 'chakula' hapo si chakula," Mwenyekiti alidakia. "Ni lugha ya mitaani. Maana yake pesa. Muuzaji asipolipwa, zumbili inalia."

"Dawa inalia vipi?" Fundi aliuliza.

"Ndilo tulilowaitia mtueleze."

Shangazi aliuliza kwa upole ule wa kazini, ule unaomfanya mtu aongee kuliko alivyokusudia: "Ninyi wenyewe mmewahi kuiona?"

"Kuiona sijaiona," Makamu alisema. "Harufu yake ndiyo nimeanza kuisikia kule nyuma ya vyoo. Kama mpira unaoungua."

"Mimi nimeiona!" Mwenyekiti akajivuta mbele, kiti kikalalamika. "Inauzwa kwa vifuko vya buluu. Kijana wa jirani yangu alikuwa mzima kama mimi na wewe. Kaivuta miezi miwili, leo anaamkia ukuta."

Shangazi alihesabu, hakuweza kujizuia. Katika madarasa yote aliyokwisha kupima, mtego ulinasa watoto watatu katika kila mia. Katika ofisi hii ulikuwa umenasa watu wazima wawili katika watatu, na ile fomu hawakuwa wamepewa kuijaza. Ingekuwa siku nyingine angecheka. Alimtazama mdogo wake, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mikono yenye makovu ya bati kaificha katikati ya magoti ili isichafue meza. Mtoto wa huyu ndiye aliyekuwa hatarini. Shangazi akapiga moyo konde.

"Kabla hatujafika kwa mtoto, nianze na mimi," alisema. "Fomu hizi ni zangu. Zilitakiwa zifungwe mbele ya wanafunzi, na mtu yeyote asizisome, hata mimi nisijue ipi ni ya nani. Bahasha zilikwisha, nami nikaruhusu ziachwe wazi. Hilo ni kosa langu na nitaliandikia ripoti kwa mkono wangu. La pili: zumbili haipo. Ni jina la mtego, la kumnasa anayejisingizia. Nililichukua nyumbani. Ni la paka wetu."

Nje mtoto alisoma jedwali la hesabu kwa sauti, akakosea, akarudia.

"Paka," Makamu alisema.

"Paka."

"Shangazi wa mtuhumiwa anatuambia dawa ni paka." Aligeuka kwa Mkuu. "Mama Mkuu, nimefundisha miaka ishirini na mbili. Nimeambiwa daftari limeliwa na mbuzi. La leo ni jipya."

"Na vifuko vya buluu je?" Mwenyekiti aliuliza kwa uchungu, kama mtu anayenyang'anywa mali.

Shangazi hakumjibu huyo. Alikuwa anaitazama kalamu nyekundu. "Mwalimu, huyu msichana Kiswahili chake kikoje?"

Makamu alisita. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mwongo kwenye somo lake. "Ni wa kwanza darasani."

"Amewahi kukosea ngeli?"

"Kamwe. Mwaka jana alinisahihisha mimi, mbele ya mkaguzi."

"Basi itazame tena hiyo mistari miwili. Umemkata mara nne, na mara zote nne kosa ni lile lile. Mlevi hakosei kwa mpangilio namna hiyo. *Yuko. Analala. Akikosa. Analia.* Mwalimu, wewe ndiwe fundi wa lugha hapa. Kitu cha namna hiyo kiko ngeli gani?"

Makamu akaichukua fomu, akaifunika kwa kiganja pote isipokuwa swali la saba. Midomo yake ikacheza bila sauti. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kuwafundisha watoto kwamba viambishi havisemi uongo alikuwa sasa anasemwa na viambishi hivyo.

"A-wa," alisema, taratibu. "Ni kiumbe."

Mlango ukagongwa, ukafunguka bila kusubiri. "Samahani, Mama Mkuu," karani alisema, "kuna bibi hapa na kikapu, anasema ameleta dawa ya kulevya. Nimemwambia akae benchi la wachelewaji, amekataa."

Bibi alikuwa ameshaingia. Alikuwa amevaa nguo za safari, na kikapu chake chenye kifuniko kilikuwa kinatoa sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Mama huyo alikuwa ameagizwa abaki nyumbani, na kwa kawaida yake alikuwa amelisikia agizo hilo na kulisamehe.

"Hamjambo wanangu. Ghala limefika," alisema. Akafungua. Zumbili akatoa kichwa, akawakagua wote watatu, akapanda mezani na kujilaza juu ya rundo la fomu, pale pale kwenye duara ya chai.

Mwenyekiti akanusa hewa, akaacha haraka.

"Na msiseme nimemwokota njiani." Bibi alitoa kadi iliyolainika kwa kukunjwa. Kadi ya chanjo, ya daktari wa mifugo, ya miaka mitatu iliyopita. *Jina la mnyama: Zumbili. Jinsia: dume. Tabia: mvivu.* Na mhuri.

Mkuu wa shule aliishusha miwani, akaisoma, akaugusa mhuri kwa kidole. Maneno ya Shangazi yalikuwa maneno, sarufi ilikuwa sarufi, lakini katika ofisi ile hakuna aliyewahi kubishana na mhuri.

"Inawezekana ile ya jirani yangu ilikuwa aina nyingine," Mwenyekiti alisema, na tangu hapo hadi kikao kinakwisha hakusema tena.

Mkuu alivuta karatasi safi. Aliandika barua ya mistari mitatu ya kumrudisha msichana darasani, akaigonga mhuri wake, akafungua daftari la watahiniwa na kuandika jina la msichana, herufi kwa herufi, huku Fundi akiifuata ile kalamu kama anayesoma kipimo cha gesi. Kisha akawatazama wenzake wawili. "Habari ya mtego haitoki humu. Ikitoka nitajua ni nani, maana tuko wachache na paka hasemi."

Makamu aliwasindikiza nje. Kwenye ngazi akasimama.

"Mwaka jana nilizika mwanafunzi," alimwambia Shangazi. "Darasa langu. Kuna kitu alikuwa anakinywa, na mpaka leo sijui jina lake. Sikujua, sikuuliza. Safari hii nilipokutana na jina, nikalishika kwa mikono miwili."

Shangazi alishuka ngazi moja, akageuka. "Ungeniita, mwalimu."

"Na wewe ungekuja zile siku sita," alisema, bila hasira, akamkabidhi rundo la fomu. Juu yake palikuwa na manyoya.

Wakamsubiri Fundi robo saa. Alikuwa chumba cha walimu, anaitazama friji.

* * *

Profesa alipopigiwa simu alimtaka Shangazi arudie neno "paka" mara mbili. Kisha akatoa hukumu: majibu ya shule ile yote nje ya utafiti, fomu za darasa lile zifungwe zisisomwe na zipelekwe kuchanwa, ripoti ya kosa iwe mezani Jumatatu. Na kwa shule thelathini na moja zilizobaki, jina lingine libandikwe juu ya lile la zamani. Nani atabandika? Aliyemtaja paka.

Ndiyo maana jioni hiyo meza ya chakula haikuwa na chakula. Ilikuwa na maboksi ya fomu, na familia nzima ilikuwa inabandika vipande vidogo vya karatasi nyeupe kwenye swali la saba. Jina jipya silitaji hapa, mtego ni mtego. Itoshe kusema Shangazi alihakikisha halina manyoya.

"Fomu elfu nne," Fundi alisema. "Dada, mara nyingine mtaje kuku. Tungekuwa tumeshamla, ushahidi umekwisha."

"Bandika."

Shangazi aliweka kando lile rundo la shuleni. Alinyanyua bahasha kubwa, ile ambayo ingegharimu dakika mbili za foleni siku ile, akaanza kuziingiza. Fomu ya juu ilikuwa na wino wa zambarau. Chiriku, aliyekuwa hajaongea tangu aliposhukuru kwa kurudishiwa jina lake, aliacha kubandika.

Shangazi aliiona zambarau hiyo, na alijua kwamba chini ya kidole chake kulikuwa na maswali mengine kumi na moja. Ni mwanangu, moyo ulimwambia. Nani mwenye haki zaidi ya kusoma? Akaigeuza fomu uso chini, akaiingiza pamoja na nyingine, akalamba gundi, akafunga. Akasaini juu ya mfuniko.

"Hutaiangalia yangu?" Chiriku aliuliza.

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Niliahidi ukurasa wa kwanza. Nimeshaivunja mara moja, inatosha. Lakini mimi nina masikio pia, si fomu tu."

Msichana alichukua kipande cha karatasi, akakibandika, kikaenda upande. Akakibandua. "Shangazi, la saba nilitania."

"Najua."

"La tisa sikutania."

Fundi aliinua kichwa, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Yeye hakuyajua maswali kwa namba. Shangazi aliyajua. Aliyaandika. Mikono yake ikatulia juu ya bahasha, na hakuuliza lolote, kwa sababu miaka yote hiyo ya kuuliza ilikuwa imemfundisha mahali pa kunyamaza.

Jikoni Bibi alikohoa. Wakasikia chupa ikitikiswa, ikatikiswa tena. "Jamani! Zumbili kaninywea dawa yangu tena?"

Chiriku akasimama. Sauti ilikuwa yake, ile ya siku zote, inayofika hadi kwa majirani.

"Siye yeye, bibi. Ni mimi."

Bibi akatokea mlangoni na chupa mkononi. Alimtazama mjukuu wake, akaitazama chupa, akamtazama tena, kwa muda mrefu, kama anayesoma barua yenye jina lake ndani. Kisha akaiweka chupa mezani, katikati ya fomu, na kusogea kwenye kiti kilichokuwa kando ya msichana, kile alichokilalia paka.

"Haya," alisema. "Nipishe nikae. Nataka kusikia."

Na Zumbili, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akampisha mtu kiti.